Samadi Yangu Kwenye Shamba la Jirani

Kongwa, Jumanne usiku, Oktoba 1993

Eti anataka shamba lake!

Leo nikiwa natawanya samadi, akaja Baba Neema, jirani aliyeniazima shamba hili. "Mama Yona, msimu huu nitalima mwenyewe. Naona udongo umekaa vizuri."

Umekaa vizuri! Kwani ulijikalia wenyewe?

Aliponiazima ulikuwa mweupe kama majivu, hata mtama ulinyauka. Mbolea ya dukani, tangu serikali iondoe ruzuku, naiona kwa macho tu. Nimebeba samadi kichwani kutoka zizini kwa kaka yangu, kiangazi baada ya kiangazi, na shingo inaniuma mpaka sasa. Baba Neema alikuwa akipishana nami njiani anaziba pua.

Nikamwambia, "Sawa, baba, shamba ni lako." Kwa nini nilisema sawa? Mwakani watoto watakula nini, sijui. Kweli sijui.

Halafu akageuka, akaonyesha marundo yaliyobaki. "Hayo umalizie kutawanya kabla hujaondoka."

Umalizie!

Kesho nayabeba yote, nayapeleka kwenye kile kipande changu cha kokoto nyuma ya nyumba. Nitapita mlangoni kwake, kila safari. Azibe pua.