Koti la Baridi Ulilolinunua Tandika

Wifi yangu mpenzi,

Nimekaa kukuandikia, nimeinuka. Nimechemsha chai, sijainywa. Nimefungua dirisha, nimelifunga. Kaka yako amenitazama weee, mwisho akaniuliza kama nimekalia siafu. Nikamwambia namwandikia dada yake, aniache. Wewe mwenyewe unajua, Ijumaa ukipiga simu kutoka huko Muscat unaongea na ukoo mzima, mimi nabakiziwa dakika za mwisho, na haya niliyo nayo hayaenei humo. Na barua hii ni ya wazi. Atakayeisoma na aisome, hasa wale wa kundi la simu la mtaa wetu hapa Kimara.

Kila Ijumaa unauliza mjukuu wako anapewa nini, mbona hanenepi. Unanisisitiza nimpikie Rehema uji wa pilipili manga. Uji anakunywa, wifi. Maziwa anayo, tena yanalowesha mpaka shuka. Kinachomshinda mwanao ni kunyonyesha nje ya nyumba.

Alikuwa hana neno mwanzoni. Ila siku moja tulialikwa arobaini ya mtoto mchanga wa jirani, akakaa mkekani na wenzake, akamnyonyesha mwanawe kama kawaida. Mtu akampiga picha. Jioni picha ikatua kwenye kundi la mtaa, chini yake imeandikwa, "Maziwa fresh yameingia Kimara, njoo na kikombe." Watu wazima, baba za watu, wakaweka vikaragosi vya kucheka. Rehema aliisoma akiwa saluni, anamsuka mteja. Aliacha kichwa cha watu nusu, akarudi nyumbani.

Tangu hapo akitoka na mtoto anabeba chupa ya uji mwepesi, kwa mtoto wa miezi minne! Mtoto anautema, analia mpaka sauti inakauka, na mama yake anarudi matiti yamejaa yamekuwa mawe, analia na yeye. Siku hizi hata kutoka hatoki. Saluni wamemwambia nafasi yake hawatamwekea milele. Na Jumamosi iliyopita kliniki, nesi alipitisha kidole kwenye kadi ya uzito akasema, "Mstari umelala, mama. Huu ulitakiwa uwe unapanda." Rehema akainamisha kichwa. Mie nikahisi nimeambiwa mimi, maana pale uwanja wa ndege uliniwekea mkono begani ukasema, "Wifi, nakuachia huyu," ukaondoka bila kugeuka. Naogopa, wifi. Naogopa urudi uninyooshee mikono, mimi nikukabidhi mtoto mwepesi.

Basi tangu wiki iliyopita nakuwaza wewe na Tandika.

Unakumbuka? Nilikuwa na mwaka tu tangu niolewe. Kwetu Singida nilishaonywa kuhusu mawifi wa pwani, nikaja nimejifunga kibwebwe kwa vita. Ukanivuruga kwa kunipenda. Shabani wangu alikuwa mchanga, tukaenda wote sokoni Tandika kumtafutia nguo za mtumba. Katikati ya soko akaangua kilio. Mimi nilikuwa mwalimu mpya pale Temeke, na kila uso niliouona niliuona ni wa mzazi wa mwanafunzi wangu. Nitatoaje ziwa mbele yao, halafu Jumatatu niwafundishe watoto wao hesabu?

Nikawa namrusharusha tu. Akina mama wauza vitambaa wakaanza. "We dada, mpe ziwa mtoto!" Nikasema, "Akifika nyumbani." Akalia zaidi. Mmoja akasimama, mikono kiunoni. "Nyumbani wapi? Mbona hutaki kumnyonyesha? Wako kweli huyo?"

Unajua soko lilivyo. Neno kama hilo likishasemwa kwa sauti, la pili ni "mwizi wa mtoto," na baada ya hapo hakuna anayeuliza tena. Watu walishaanza kujisogeza. Hata vifungo vya blauzi sivioni.

Ukanikalisha juu ya belo la mitumba. Hukugombana na yule mama. Uliniinamia tu, ukaninong'oneza, "Kaa. Nyonyesha. Macho yao niachie mie."

Ukavuta koti. Mungu wangu, lile koti! Zito, jeusi, manyoya shingoni, la nchi za theluji. Ukalivaa juu ya dera, jua la saa saba, ukaanza kuzunguka kama bibi harusi.

"Kaka, hili shilingi ngapi?"

"Sista, hilo limetoka Ulaya hilo."

"Na mie nimetoka Mtoni. Si tukutane katikati?"

Soko zima likacheka. Mwingine akakwambia utaiva humo ndani. Ukamjibu wewe ni ndizi, unaivishwa ili uuzwe bei nzuri. Yule mama aliyenituhumu akaja kukushika manyoya, akaanza kukusaidia kupunguza bei! Jasho lilikuwa linakutiririka mpaka kwenye kope. Kila ukiona mtu anageuka upande wangu, unamvuta: "Mzee wangu, shikamoo, hebu niangalie mgongoni, limenikaa?" Shabani alinyonya ziwa la kwanza, akanyonya la pili, akalala. Hakuna hata mmoja aliyeniona.

Tatizo muuzaji akakubali bei yako. Ikabidi ulinunue. Kaka yako alipotuona tunaingia nalo alikaa chini kwa kucheka. "Mnahamia kwenye baridi ya Makete?"

Koti bado lipo kabatini kwangu. Panya wameonja mkono mmoja, nisamehe.

Sasa sikiliza ya Jumamosi. Tumetoka kliniki, kadi ipo mkobani. Tulipofika kwa wauza viatu vya mtumba, mtoto akaanza. Rehema akakaza mwendo, karibu akimbie, na nyumbani bado mbali. Mtoto analia kile kilio kilichokauka. Nikamshika mkono. "Kaa hapa." Muuzaji alikuwa na kigoda, akakisogeza bila kuulizwa. Rehema akanitazama kwa macho ya mtu anayesalitiwa. "Anti, hapa? Kuna watu, anti. Kuna simu."

Ni kweli zilikuwepo. Kulikuwa na kijana ameegemea nguzo, simu mkononi. Pengine alikuwa anasoma mpira, sijui. Nikamwambia mwanao, "Kaa, nyonyesha. Macho yao niachie mie."

Nikageuka, na hapo nikakumbuka mimi si wewe. Mimi hata darasani miaka yote hii nagonga meza, sipazi sauti. Nikanyoosha mkono nikashika kiatu cha kwanza kilichokuwa juu ya turubai. Wifi, sijapata kuona kitu kile. Buti jeupe la ngozi, kamba ndefu, na chini, mahali pa soli, limesimamishwa bapa la chuma kama kisu cha bucha.

Sauti ikanitoka yenyewe. "Jamani! Hiki kiatu au panga?"

Wakaja. Wote wakaja! Muuzaji akasema ni original, grade one, cha kutembelea juu ya barafu. Mmoja akasema muongo, hicho ni cha kulimia, unatembea shamba linajichana lenyewe. Yule kijana wa nguzoni akatia simu mfukoni, akaja kujaribu makali kwa kidole. "Oya, hii ya kuchinjia kuku, unamkanyaga tu kishapita!" Mzee mmoja akataka kukivaa. Akasimama kwa mguu mmoja, ameshikilia bega langu, watu wanamshangilia, mimi nimeshikilia kanzu yake asije akaniangukia. Nikauliza bei. Muuzaji akataja. Nikaguna. Akapunguza kidogo, nikakwama, sijui kinachofuata. Nyie mliozaliwa Mtoni mna ulimi, mie naulizia bei ya nyanya kwa aibu. Nikawa naanza kufungua mkoba ili yaishe.

Mara nyuma yetu ikapaa sauti.

"Anti, usikubali! Mwambie barafu lenyewe analileta lini ndo tujue bei!"

Wifi, nilidhani umerudi. Wallahi niligeuka nikitafuta koti.

Alikuwa Rehema, juu ya kigoda, kichwa juu, ziwa kinywani mwa mwanawe, hajajifunika. Watu wote wakageuka kumwangalia, mzee na mguu wake mmoja, muuzaji, na yule kijana wa simu. Nilitamani niruke niwazibe macho. Yeye akawaangalia mmoja mmoja, akangoja jibu la bei. Mtoto hata hakushtuka, aliendelea kunyonya, vidole vimeshika ushungi wa mama yake.

Yule mzee akawa wa kwanza kusema. "Binti kauliza. Barafu lini?"

Tumekinunua. Nimekipanga kabatini chini ya koti lako, kaka yako anasema sasa imebaki nauli tu. Sijui kama mstari utapanda wifi, kliniki ni mwezi ujao, na mimi mpaka hapo sitatulia, najijua. Jana picha ile imerushwa tena kwenye kundi, na mtu mwingine. Rehema aliiona. Nikaogopa tunarudi kule kule. Kisha akaandika kitu akatuma. Nikachungulia: "Kumbe bado mnayo. Mtoto ameongezeka, njooni mpige nyingine."

Na leo asubuhi amefunga kanga, amembeba mwanawe, amekwenda saluni kuwaambia anarudi kazini, na mtoto wake. Chupa ya uji ameiacha mezani. Ninaitazama hapa, na ndiyo maana siwezi kukaa kitako.

Urudi salama. Koti lako nitalianika juani.

Ni mimi wifi yako, uliyenichukulia macho ya watu,
Mama Shabani