Pumzi Ambazo Sikuzihesabu

Mama Odette,

Ninakuandikia nikiwa kwenye chumba cha dawa. Nimefunga mlango kwa sababu sitaki stagiaires, wanafunzi wetu wa mazoezi, wanione. Ni saa nane ya mchana, chanjo zimekwisha, kwenye benchi hakuna mtu. Asubuhi hii Papa Léonard, titulaire, mkuu wa kituo chetu, ameniita akaniambia: "Solange, kuanzia lundi utafundisha wewe, mahali pa Odette." Somo la kwanza, Jumatatu hiyo, ni lile lako: joto, mapigo ya moyo, kupumua, tension ya damu. Nilisema ndiyo. Halafu nikaja hapa kujificha.

Siwezi kusimama mbele ya watoto wale kabla sijakuambia neno ambalo nimelibeba tangu ulipotuacha. Labda unalijua. Ndiyo maana ninaogopa hata kuliandika.

Unakumbuka nilivyofika kwako? Mtoto wa kijijini Kibumba, nina diploma mpya, koti jeupe la kuazima linanifika chini ya magoti. Siku ya kwanza ulinituma kupima wagonjwa wote wa chumba kikubwa. Nilirudi haraka, nikiwa na furaha. Ulitandaza fiche, karatasi zile za vipimo, juu ya meza, ukavaa miwani. Kisha ukasema: "Tazama, Solange. Muzee wa asima, vingt. Mutoto wa pneumonie, vingt. Mama wa mimba, vingt. Hawa watu wote wanapumulia pua moja?" Nilitaka ardhi inimeze. Sikuwa nimehesabu pumzi ya mtu hata mmoja. Niliandika ishirini kwa sababu kwenye fiche za jana yake kila mtu alikuwa na ishirini.

Hukunipigia kelele. Ulinishika mkono tukarudi kitanda kwa kitanda. Ulinionyesha namna ya kushika kiganja cha mgonjwa, vidole viwili chini ya kidole gumba, kuhesabu moyo. Na ukimaliza moyo, usiachilie. Endelea kushika kama vile bado unahesabu moyo, lakini macho yahame, yaende kifuani, na saa iko mbele yako. Dakika nzima. "Usimwambie unahesabu pumzi," ulisema. "Mutu akijua unamuangalia, anaanza kupumua kwa adabu kama yuko mbele ya padiri." Nilicheka. Wewe hukucheka. Uliniambia maneno ambayo tangu hapo ninaweza kuyasema hata usingizini: "Tension inadanganya. Ni ya mwisho kuanguka. Wa kwanza kulia ni pumzi, wa pili ni moyo. Ukingojea tension ianguke, unangojea maiti. Na usiandike chenye haujahesabu."

Nilijua, Mama. Hilo ndilo linalonitisha. Kama singejua, ningekuwa na pa kujificha.

Siku ile uliyokuja mgonjwa ilikuwa siku ya chanjo. Ulifika saa nne, umefunga liputa lako, kile kitenge cha wamama wa kanisa, mkono mmoja tumboni. Ulisema ni siku tatu sasa, homa kidogo, tumbo linauma kidogo, ni malaria tu. Nilikuketisha kwenye kiti karibu na mizani ya watoto. Nyuma yangu benchi imejaa mpaka mlangoni, watoto wanalia, wamama wananiita. Joto: trente-huit na mbili, homa. Moyo: cent douze, mbio. Tension: onze-sept, nzuri. Kile kipimo cha malaria kilionyesha hakuna. Nikaendelea kushika kiganja chako, macho nikayahamishia kifuani kwako, kama ulivyonifundisha. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Nilifika sita. Mama mmoja akapiga kelele kwamba mtoto wake anatapika. Nikageuka.

Nikaachilia mkono wako.

Niliporudi, ulikuwa unanitazama. Uliniuliza polepole: "Na kupumua?"

Nikasema, "Vingt, Mama."

Uliniangalia kidogo. Sijui kulikuwa na nini katika macho yale. Halafu ukasema, "Aya," ukachukua mkoba wako. "Nitaenda kupumuzika. Kesho nitakuya." Nilikupa dawa ya homa. Nilikuandikia fiche: R ya kupumua, 20. Nikarudi kwenye chanjo.

Kesho yake hukuja. Papa Placide, mume wako, alipiga simu mchana, sauti yake imebadilika, akasema mko hôpital kubwa, wanakupeleka kwenye upasuaji. Utumbo ulikuwa umetoboka, uchafu umeenea tumboni, umeingia kwenye damu. Ulidumu siku moja baada ya kisu. Nilifika chumbani kwako wakati wanakufunika. Nilimsikia daktari akimwambia Papa: "Angefika siku moja mapema, tungekuwa na nafasi."

Kwenye kilio kila mtu alinipa pole kama mtoto wako. Wamama wa parokia walisema, "Angalau Solange alimupima vizuri." Niliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeuliza. Fiche yako ipo, Mama, kwenye kabati, katikati ya nyingine, na mwandiko ni wangu.

Tangu hapo ninaogopa. Si woga wa kwikwi na machozi. Ni woga wa kuhesabu. Kanisani ninahesabu pumzi kwenye mgongo wa mtu aliyekaa mbele yangu wakati wa mahubiri. Nikienda Kibumba ninamhesabu mama yangu mzazi akichambua viazi, naye anauliza, "We, mbona unaniangalia kama mwizi?" Kazini ninapima mgonjwa, ninaandika, ninapiga hatua mbili, ninarudi kupima tena. Kale kamashine ka kidole, kanakoonyesha hewa katika damu, sikaamini tena. Stagiaires wananiita Madame Bis, kwa sababu kila kitu ninafanya mara mbili. Wanafikiri sisikii.

Halafu alikuja Furaha.

Msichana wa miaka kumi na tisa, kutoka kijiji cha Kalengera. Alikuja kukaa kwa shangazi yake hapa Goma ili azalie karibu na waganga wa hospitali. Alizaa vizuri hapa kwetu, mtoto wa kike, kilo tatu. Siku ya pili, saa sita za mchana, shangazi alikuwa amekwisha kukunja vikwembe, vitenge vyao, kwenye beseni, moto, pikipiki ya kuwarudisha Kalengera, inangoja nje. Papa Léonard alikuwa amesaini karatasi ya kutoka. Nilipita tu kuwaaga. Furaha akaniomba maji. Akanywa, akaomba tena. Nikamgusa mkono, ulikuwa baridi, na nje jua linawaka.

Nikasema aketi. Tension: dix-six, kumi kwa sita. Kwa mwili wake mdogo, hakuna wa kushtuka. Moyo: cent vingt-six, unakimbia. Nikaendelea kushika kiganja. Macho kifuani, saa mbele yangu. Shangazi anasema moto inangoja. Mtoto analia. Mtu ananiita kutoka mlangoni. Mama, kila kitu kilikuwa kilekile, kama siku ile imerudi kunikamata. Nilihesabu kwa sauti ndani ya meno ili nisipotee. Dakika nzima. Trente-deux.

Thelathini na mbili. Nikahesabu tena. Trente-deux.

Nilimlaza, nikaweka mkono juu ya tumbo. Tumbo la uzazi lilikuwa laini kama unga uliokandwa, limepanda mpaka juu ya kitovu. Damu nje ilikuwa kidogo tu, ndani ndiko inakojaa. Nikaenda kwa Papa Léonard nikamwambia huyu haendi Kalengera, anaenda hôpital kubwa, sasa hivi. Alitazama fiche. "Tension iko muzuri, Solange." Nikasema tension ni ya mwisho. Akavua miwani, akaniambia kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko makofi: "Tangu Odette aende, unaona kifo kwa kila kitanda. Tukituma watu bure kule, siku moja watakataa wagonjwa wetu."

Nilitaka kunyamaza. Ninakuambia ukweli. Nilifikiri labda ni kweli, labda nimeharibika kichwa. Kama nikikosea, nitakuwa kichekesho. Lakini niliona mkono wangu ukiachilia mkono wako. Nikamwambia, "Papa, kuya uhesabu wewe. Dakika moja. Ukipata vingt, mimi nitaenda nyumbani na sitarudi."

Alikuja. Alishika kiganja cha Furaha, akatazama kifua chake. Mimi nilikuwa ninatazama uso wa Papa Léonard. Kabla dakika haijaisha, uso ule ulibadilika. Alisema neno moja tu: "Serum."

Tulimtia serum, yale maji ya mshipani, nikamchoma dawa ya kukaza tumbo la uzazi, nikaliminya kwa mikono miwili huku shangazi yake anaomba rozari. Mabonge ya damu yakatoka, makubwa kama ngumi, mengi. Kwenye taksi nilipiga magoti kati ya viti, mkono mmoja tumboni kwake, mwingine kwenye kiganja. Barabara yetu unaijua, kila jiwe la lava lilikuwa linaruka ndani ya mbavu zangu. Katikati ya njia nilipima tension tena. Sept. Saba juu, namba ya chini sikuisikia kabisa. Sasa ilikuwa imeanguka, Mama, na sisi tulikuwa tumekwisha kuondoka.

Kulikuwa na kipande cha kondo kimebaki ndani. Walikitoa, wakamtia damu chupa tatu. Furaha ni mzima. Wiki iliyopita shangazi ametuletea ndizi, na habari kwamba mtoto ananyonya.

Watu walinisifu. Papa Léonard alinisifu mbele ya wote. Na hapo woga ulinishika kuliko mwanzo, kwa sababu sasa nilikuwa nimeona kwa macho yangu dakika moja inafanya nini. Mwanzo niliweza kujidanganya kwamba hata ningehesabu, isingebadilisha kitu.

Dimanche, Jumapili, baada ya misa ya pili, nilienda kwako nyumbani. Nilipita mlango mara mbili bila kubisha. Papa Placide alikuwa uani, anachambua maharagwe kwenye sinia, peke yake. Amekonda. Alinipa kiti, akaniuliza habari za kazi. Nilisema, "Papa, siku ile sikuhesabu." Hakuelewa. Nikamweleza yote: mizani, benchi, namba sita, mkono wako, neno nililosema. Nilimweleza nikitazama maharagwe, sikuweza kutazama uso wake.

Aliendelea kuchambua, jiwe huku, harage kule. Kisha akasema: "Alijua."

Alisema ulifika nyumbani, ukakaa kitandani, ukamwita na saa yake. Ukamwambia, "Placide, nishike hapa, utazame kifua changu, uhesabu mpaka nikuambie basi." Miaka yote mliyoishi pamoja, hukuwahi kumfundisha kazi hii. Alihesabu trente-quatre, thelathini na nne. Nawe ukacheka kidogo, huku umeshika tumbo, ukasema: "Solange alikosea. Aliniachilia mapema. Kesho nitamufundisha tena."

Mama. Kesho.

Nikamuuliza, kwa nini basi hamkuenda palepale? Mikono yake ikasimama juu ya sinia. "Nilimwambia twende. Akasema kesho. Alikuwa anaogopa kisu, Solange. Miaka makumi tatu ndani ya hôpital, na alikuwa anaogopa kisu kama mutoto. Na mimi nilikubali kesho." Akaanza kulia, muzee yule mnyoofu, bila kufuta uso. Nami nikalia. Sikuthubutu kumshika.

Niliposimama kuondoka nilimwomba msamaha. Alisema: "Siwezi kusema hainiumi. Inaniuma sana. Lakini kuya tena dimanche, utanisaidia na haya maharagwe." Nitaenda. Ninaogopa, lakini nitaenda.

Sikujua kwamba na wewe ulikuwa unaogopa. Nilidhani woga ni wangu peke yangu, adhabu yangu. Ungeniambia pale kwenye kiti, "Solange, hesabu tena," ningehesabu. Labda hukutaka kusikia namba. Labda ulitaka vingt yangu iwe kweli, hata kwa mchana mmoja. Hilo sitalijua, na sitalitumia kujisafisha. Namba ilikuwa kazi yangu.

Papa Léonard nimemwambia leo asubuhi, kabla sijajibu ndiyo. Akasema nami nijue kwamba vingt amewahi kuiandika hata yeye, na kwamba hilo si la kunifariji. Halafu akasema, "Lundi, saa mbili. Usichelewe."

Basi ninakuahidi hivi. Lundi nitawaambia watoto wale ukweli wote, na jina langu ndani yake. Watanitazama vibaya, wawe huru. Kisha nitawapeleka kitanda kwa kitanda, na hatutaondoka kwenye kitanda kabla dakika haijaisha, hata benchi ikijaa mpaka barabarani, hata kama mimi mwenyewe ninaogopa.

Pumzika, Mama yangu. Bwana akupokee pasipo na kisu wala homa. Papa Placide nitamwangalia. Nasikia mtu anakohoa kwenye benchi, amefika mgonjwa, ninaenda kumshika mkono.

Ni mimi, mutoto wako,
Solange