Karata Iliyogusa Meza

Jumatatu, 3 Juni

Nimefungua saa mbili. Nimefagia, nimefuta meza nne, nimepanga upya pakiti za karata dirishani. Ni zilezile za wiki iliyopita. Wanaokuja kwetu hapa mtaa wa Rohero wanakuja kucheza, si kununua. Basi wacheze. Duka la michezo lisilo na wachezaji ni stoo tu.

Umeme hakuna.

Mume wangu, Baba Bella, amekaa kwenye meza yake ya dirishani tangu asubuhi, anachanganya karata zake arobaini. Anasema anajizoeza. Najua anachofanya. Anatafuta ipi ni ya moto, ipi ya maji na ipi ya mnyama, aina tatu za mchezo wetu, na haoni.

Udereva wa lori aliuacha mwaka jana, akawatangazia watu kwamba mgongo unamsumbua. Mgongo wake mzima kuliko wangu. Ni macho. Daktari alisema presha ya macho imeyala kwa ndani, na kilichokwenda hakirudi. Tunaojua ni watatu: daktari, yeye na mimi. Mimi aliniapisha.

Nimechoka, na ndiyo kwanza Jumatatu.

Alhamisi, 6 Juni

Mafuta ya magari yameadimika tena mjini. Tumepanda kilima cha Kinanira hadi nyumbani kwa miguu, yeye kanishika mkono njia nzima. Jirani katuona, kasema sisi bado wachumba. Nimecheka ili yaishe. Nampenda, ndiyo. Lakini mkono wake ni mzito, na kila jiwe la njiani nalitazama mimi kwa niaba ya watu wawili.

Jumamosi, 8 Juni

Duka limejaa. Fiston, dereva wa bodaboda, katoka mtaa wa Carama kwa miguu kwa sababu pikipiki yake haina tone. Nadège kaja na sare yake ya uuguzi, hajalala, lakini kacheza.

Kwenye ubao wetu kuna kanuni moja tu, kaiandika Baba Bella mwenyewe siku tulipofungua: KARATA ILIYOGUSA MEZA HAIINUKI. Ukishaiweka, umeiweka. Hajawahi kumsamehe mtu. Binti yetu Bella, ambaye sasa ana kwake, alipokuwa na miaka tisa aliweka karata vibaya, akalia hadi kamasi, na baba yake akamwambia afute macho acheze zamu inayofuata.

Leo yeye ndiye kaweka maji mahali pa moto. Kila mtu kaona. Fiston kaisukuma ile karata, kairudisha kwake taratibu.

“Vieux, mzee wetu, chukua tu. Mukono umeteleza.”

Wote wakatazama pembeni. Nadège akakagua kucha zake. Baba Bella kaichukua, kaweka nyingine, kashinda.

Tulipofika kilimani akaniambia: “Wameanza kunihurumia.” Na tulipofika mlangoni: “Siku wakijua, sikai tena kwenye ile meza.”

Haongei ovyo, huyu. Alipoacha lori alikaa miezi miwili kitandani, uso ukutani, anakula nikimlazimisha. Meza ndiyo iliyomwinua. Ile miezi miwili siitaki tena. Sina nguvu zake.

Jumanne, 11 Juni

Nimepata dawa. Sindano.

Kila karata yetu ina kimfuko cha plastiki. Nimetoboa pembeni, vitundu vidogo visivyoonekana: kimoja moto, viwili maji, vitatu mnyama. Pembe ya pili, vitundu vya nguvu yake. Karata arobaini, mchana mzima, kidole changu kimetoboka mara mbili. Yeye kazipapasa, katabasamu. Sijaliona tabasamu lile tangu Pasaka.

Karata za mwenzake zikishawekwa anazisogelea na kufanya utani: “Umeniwekea takataka gani tena?” Nao wanamjibu kwa kuzitaja, wanadhani ni kejeli zake za kawaida.

Najisifu leo. Hakuna wa kunisifu.

Ijumaa, 14 Juni

Tumejaribu nyumbani. Kanifunga mara tano. Kesho anakuja Trésor wa Uvira, yule anayevuka mpaka na vitenge vyake kila Jumamosi. Akishauza, anakuja kwetu. Anacheza vizuri, na anajua kwamba anacheza vizuri. Baba Bella anamsubiri kwa hamu.

Jumamosi, 15 Juni

Mjinga mimi. Mjinga, mjinga.

Miaka kumi na miwili nina duka la karata, na nimesahau jambo ambalo hata mgeni wa siku moja analijua: kabla ya kuanza, mwenzako anakata fungu lako. Analishika. Analigawa kwa vidole vyake. Nilifikiria vidole vya mume wangu tu.

Trésor kakata. Kidole gumba kikasimama. Akarudi nyuma, akapapasa tena. Kisha akainua karata ya juu dirishani, na mwanga ukapita kwenye vitundu vyangu.

“Vieux. Hii karata iko na matundu.”

Akachukua ya pili, ya tatu.

“Zote ziko na alama. Mutu akishika fungu anajua ile inakuja. We ulituandikia kanuni pale juu, na we mwenyewe njo unaiba?”

Nilimtazama Baba Bella. Neno moja lilitosha. Angesema: sioni. Hakusema. Alikusanya karata zake, akazigonga mezani zikae sawa, akasema, “Mchezo ni wako.” Akasimama.

Kachagua kuitwa mwizi kuliko kuitwa kipofu. Na mimi, mwenye sindano, nilinyamaza kwa sababu niliapa. Nimeshika mkono wake tukatoka. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mimi.

Jumapili, 16 Juni

Kanisani kakataa kwenda. Kalala, uso ukutani.

Jumatano, 19 Juni

Nimefungua. Jumatatu hakuja mtu. Jana wawili, wakatazama pakiti, wakaondoka. Leo Fiston kapita nje, kainamisha kichwa kama anayepita msibani. Habari imezunguka: mwenye duka ana karata za alama. Kwetu hilo ni baya kuliko kunywa pombe na kutukana watu. Mlevi anarudi kesho, anaomba radhi, anapewa kiti.

Nyumbani ni ukuta. Nimempikia mboga za lengalenga anazopenda. Kala vijiko vitatu.

Nimemwambia niruhusu niseme. Kajibu bila kugeuka: “Apana. Mwizi wanamupigia kelele. Kipofu wanamupisha njia. Mi sitaki kupishwa.”

Nimekaa jikoni nikalia. Si kwa huruma. Kwa uchovu.

Jumamosi, 22 Juni

Nimevunja kiapo. Naandika wazi ili nisije kujidanganya baadaye.

Nilikwenda peke yangu, na fungu lake ndani ya mkoba. Walikuwa sita, wamesimama mlangoni kama watu waliokuja kudai maelezo. Trésor alikuwepo. Sikuwakaribisha hata viti. Nilimwaga karata arobaini mezani, nikatoa na sindano nikaiweka juu yake.

Nikawaambia ni mimi. Nikawaambia kwa nini, na kila kitundu kina maana gani. Nikasema Baba Bella haoni rangi ya karata tangu mwaka jana, sura zenu anazikisia kwa sauti, na ngazi za duka hili anazihesabu. Fiston, nikasema, siku ile ulimrudishia karata ukadhani umemsaidia. Ulimwumiza. Na mkitaka kumlilia, lieni hapa hapa leo, msimpelekee.

Sijui sauti ile niliitoa wapi.

Nadège akasema alijua. Muuguzi, bila shaka alijua. Alikuwa anangoja tuseme sisi. Fiston alifuta uso kwa kofia.

Trésor hakusema pole. Aliokota karata moja, akafumba macho, akapapasa pembe muda mrefu.

“Maji. Ine.”

Akafumbua. Maji, nne.

“Shida si matundu, Mama Bella. Shida ni yeye kushika fungu mwenyewe. Mutu mwingine amuvutie, karata ifike kwake ikiwa imeshavutwa. Hapo hakuna wizi. Na sisi, kila mutu akiweka yake, aitaje.”

Amesema hivyo, kachukua mzigo wake wa vitenge, kaondoka. Hata radhi hakuomba. Nimempenda kwa hilo.

Nimerudi nikamwambia Baba Bella kwamba wanajua, wote. Kavuta shuka hadi kichwani.

Jumatano, 26 Juni

Siku ya nne. Anaongea na redio, na mimi hapana.

Jioni kabla jua halijazama Nadège kapanda kwetu. Macho hakuyataja. Kavuta stuli hadi kitandani, kaweka ubao wa kukatia mboga juu ya shuka, kaweka karata.

“Moto, saba.”

Nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi.

“Moto saba gani,” akasema Baba Bella, “wakati bado hujaweka mnyama?” Akageuka. Siku kumi na moja, akageuka.

Nadège ndiye aliyemvutia karata, kwa kushika katikati, asiguse vitundu. Walicheza mara mbili. Baba Bella alimfunga zote mbili. Wali wangu uliungua chini, nikaula ulivyo.

Jumamosi, 29 Juni

Kavaa shati la bluu, kaomba kiatu kipigwe rangi. Kwenye ngazi za duka kaniachia mkono.

Chini ya kanuni ya zamani kuna nyingine sasa, kwa chaki, mwandiko wa Fiston, herufi zinapanda kilima: UKIWEKA, TAJA. Hakuna aliyemsomea. Hakukuwa na haja. Alipoingia, meza zote zilikuwa zinataja. Moto, mbili. Mnyama, tano. Maji, tisa. Alisimama mlangoni akasikiliza kwa muda, kisha akaenda kwenye meza yake, Trésor anamngoja.

Fiston alimvutia. Walikwenda sawa, karibu saa nzima, watu wakawazunguka. Bado karata moja ya moto ashinde. Akapapasa, akaiweka kwa kishindo, kama zamani.

“Moto, mbili!”

Ilikuwa maji, mbili. Kitundu kimoja kilikuwa kimezibika, kimelainika kwa kushikwashikwa. Niliona. Fiston aliona, mkono wake ukaanza kwenda, ukasimama njiani. Tulimtazama Trésor sote.

“Vieux, ni maji, mbili,” Trésor akasema. “Na imegusa meza.”

“Imegusa?”

“Imegusa.”

“Basi haiinuki,” akasema Baba Bella. Akafungwa zamu ile ile.

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akapiga meza kwa kiganja, akamwambia Trésor arudi Jumamosi ijayo na roho ngumu hiyo hiyo. Njiani kaongea hadi nyumbani, kilima kizima, namna alivyofungwa, karata kwa karata. Nilimsikiliza nusu. Nusu nyingine nilikuwa natazama mawe.

Amelala sasa, uso huku kwangu. Jumatatu nitatoboa tena kile kimfuko cha maji mbili. Miguu inaniuma.