Uji Usioonjwa

Kamembe, 13 Desemba 1999

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Nasiba, Bukavu.

Asalaam alaykum, Yaya. Goti lako linasemaje? Shemeji anakohoa bado? Sisi huku wazima, isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyenishikisha kalamu.

Ninautangazia ukoo wote, ulio ng'ambo ya mto Rusizi na ulio huku, kwamba termosi ya bluu, aliyokuja nayo marehemu mke wangu siku ya arusi, imetutoka Jumamosi muda mfupi kabla ya magharibi. Ilianguka mezani, ikatoa sauti moja tu. Maji yake yalikuwa bado ya moto, kwa hiyo twaweza kusema imefia kazini. Binti yangu Iradukunda alikusanya vigae kwenye taulo, mkubwa vile, akalia.

Pengo limezibwa na jirani yetu Maman Speciose, yule Mkatoliki mjane anayeuza uji pale magari ya Bugarama yanapopakia. Aliposikia kwamba tunafuturu maji baridi, alisema, "Hapana, Papa Byiringiro, tumbo ya kufunga haipokei baridi." Sasa kila jioni analeta sufuria ya uji wa mtama, anaiweka mlangoni kabla ya adhana, anaondoka bila neno, kama mtu aliyeleta wito wa mahakama.

Jambo lingine, dogo. Vile vidonge nilivyopewa na daktari huko kwenu, uliponipeleka baada ya mwanangu Byiringiro kufia vitani, nimeviacha. Niliviacha vyote usiku wa kuandama mwezi, nikavitupa chooni. Nala, nashona, nacheka hata na Kayitare, na unajua kucheka na shemeji yangu yule si kazi ndogo. Aliyepona anarudisha mkongojo. Usinitumie vingine. Na hapa hakuna aliyejua. Niliwaambia ni dawa ya tumbo.

Barua hii anaibeba Mirindi, mchuuzi wa dagaa wa sambaza. Ikinuka, si mimi.

Mdogo wako,
Harelimana


Bukavu, 18 Desemba 1999

Mdogo wangu Harelimana,

Wa alaykum salaam. Goti liko palepale, shemeji yako anakohoa kwa bidii. Nawaombea nyote.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Ya termosi nimecheka. Ya vidonge nimekaa chini.

Wewe umeshona nguo miaka thelathini. Mteja akileta koti la kupunguza, unalishika kola na mkia ukalivuta mpaka lipasuke? Si unachukua wembe, unakata uzi mmoja, unaacha, unakata mwingine? Mwili umeshonwa na dawa ile mwaka mzima. Nimemuuliza Maman Mukamazimpaka, muuguzi uliyemwona kwa daktari, akashika kichwa. Amesema vidonge hivyo vinapunguzwa polepole, na mgonjwa anaangaliwa. Ukiacha ghafula mwili unalalamika: jasho, kichefuchefu, kichwa kinaruka, usingizi unakimbia. Si ugonjwa mpya, wala si wazimu. Lakini usipojua ni nini, utadhani unakufa.

Na usisingizie Ramadhani. Kidonge chenyewe ni cha kumezwa wakati wa kulala. Mungu amefunga mchana, usiku hakuufunga.

Niambie kweli unajisikiaje. Ningekuja mwenyewe, lakini siku hizi hapa mtu mwenye ndugu upande wenu anatembea akitazama nyuma. Taa zenu naziona nikiwa jikoni, na bado tunaandikiana kama watu wa Ulaya.

Yaya wako,
Nasiba


Kamembe, 24 Desemba 1999

Yaya Nasiba,

Salaam nyingi. Sikuulizi hali, maana yangu imejaa ukurasa.

Barua yako imefika ikinuka sambaza, na imenikuta kitandani. Yote aliyoyasema muuguzi nimeyapata, na nyongeza. Nikigeuza macho haraka, umeme unapita kichwani, tss, kama waya wa redio uliolegea. Jasho linalowesha godoro. Chakula nakitazama kinanitazama. Usingizi ukija unakuja na Byiringiro, ananiomba nimpunguzie suruali. Juzi nilikuwa nampima mteja kiuno, nikaanza kulia, mkanda ukiwa bado umemzunguka. Alisema, "Fundi, kama kitambaa hakitoshi, si uniambie tu?" Uzi hauingii kwenye tundu la sindano.

Lakini si hilo linaloniua. Unajua watu wetu wa ziwa hili: mtu akikonda, akitapika, akitetemeka, hakuna malaria wala homa. Ni karuho, ile sumu inayokula mtu taratibu. Swali linalobaki ni moja tu: amekula kwa nani?

Kayitare alikuja na mganga wake, nikanyweshwa majani, nikatapika mpaka majina ya mababu. Kisha wakakaa kuulizana. Iradukunda akasema, "Baba anakula hapa nyumbani tu. Kitu cha nje ni uji." Kayitare akauliza, "Na yule mama, anauonja mbele yenu?"

Desturi yetu unaijua: anayeleta kinywaji anakionja kwanza, machoni pa mnywaji. Maman Speciose hakuonja hata mara moja. Na sababu naijua, kwani siku ya kwanza aliniambia mlangoni: ataonjaje mbele ya watu wenye saumu, adhana haijalia? Ni heshima. Aliona aibu kumeza mbele yetu, basi.

"Haonji," akasema Kayitare. "Mumeona?"

Iradukunda akaumwaga uji uani. Kuku walikunywa, wako hai, lakini ushahidi wa kuku haupokelewi. Kesho yake habari ilikuwa imefika kwenye magari. Madereva waliokuwa wakimwita "Mama Nguvu" wanapita kwa mbali. Jana kijana mmoja aliipiga teke ndoo yake. Anakaa na vikombe vyake vimefunikwa, habishani na mtu. Unakumbuka mauaji ya miaka mitano iliyopita. Hapa neno likishatoka juu ya mtu, halitembei peke yake, linakwenda likiita wenzake.

Nami nimelala nikitazama ukuta. Nikisema ni vidonge, kesho nitakuwa fundi mwendawazimu, na nani atamletea mwendawazimu kitambaa chake? Iradukunda anaposwa mwezi wa tatu. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Harelimana


Bukavu, 3 Januari 2000

Harelimana,

Barua imechelewa. Mji uligoma, maduka yalifungwa, Mirindi hakupita. Goti usiliulize.

Unafanyeje? Unasema. Mwanamke amekuletea chakula bila kuombwa, amekuheshimu kuliko ulivyojiheshimu mwenyewe, nawe unamwacha apigiwe teke ndoo ili jina lako lisichafuke? Wakwe wanaokataa binti kwa sababu baba yake alimlilia mwanawe, waende salama.

Nimempa Mirindi vidonge, vimo kwenye kitambaa cheupe. Muuguzi amemuuliza daktari. Kwanza urudie kama zamani, utulie. Baadaye atakupangia kupunguza, nusu na robo, kwa wembe wako wa kufumulia. Usijipangie mwenyewe. Na ukiona fikra za giza, Iradukunda akulete hapa siku hiyohiyo, mtapita na Mirindi, hata kama mji umegoma.

Nikisikia Maman Speciose amehama, usiniandikie tena "Yaya".

Nasiba


Kamembe, 9 Januari 2000

Yaya Nasiba,

Naandika Yaya kwa sababu hajahama.

Idi njema, wewe na shemeji na kikohozi chake. Vidonge nimevirudia, usiku, mbele ya Iradukunda. Umeme kichwani umepungua, unapita kama gari la mbali. Nimeweza kutia uzi.

Niliposoma barua yako niliwaita, Iradukunda, Kayitare na mganga wake. Nikasema yote: daktari, mwaka mzima, chooni. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu. Sikuwa nimejiandaa kwa alichosema Kayitare. Alinipiga bega kwa huruma, akawaambia wengine, "Mwamusikia? Muntu ya dawa ya kichwa, atajua je nani amemuroga?" Mganga akakubali kwa kichwa. Basi, Yaya, siri niliyoilinda kuliko mashini yangu niliitoa, na haikununua kitu. Iradukunda peke yake ndiye aliyebaki akanishika mkono. Alisema, "Baba, mimi ndiye niliyeumwaga uji."

Jana, tulipotoka kuswali Idi, sikwenda nyumbani. Nilishuka moja kwa moja kwenye magari nikiwa na kanzu, Iradukunda nyuma yangu, na msikiti mzima nyuma yetu, maana njia ni ileile. Maman Speciose alikuwa amekaa na ndoo moja.

Nikamwambia, "Maman, nipe kikombe."

"Papa Byiringiro, uende kwako. Sitaki kesi."

"Leo hakuna saumu. Onja, unipe."

"Nikionja watasema nilikunywa kwanza dawa ya kukinga. Nisipoonja, ni karuho. Unataka nionje na mudomo ya nani?"

Madereva walikuwa wamezima injini. Nikasema kwa sauti, ili hata Kayitare asikie kule alipokuwa, "Niliugua kwa kuacha dawa zangu za huzuni. Huyu mama alininyamazishia njaa, nami nikamnyamazia uongo. Nisamehe."

Maman Speciose akapangusa kikombe kwa kitenge chake, akachota, akaonja, akameza, akafungua mdomo kunionyesha kama mtoto aliyemeza kwinini. Akanipa.

Nilikunywa chote nikiwa nimesimama. Iradukunda akaomba chake. Kisha sisi watatu tukasubiri, kikombe tupu mkononi mwangu, tuone nani atafuata.

Hakufuata mtu. Dereva mmoja alipiga honi, abiria wa Bugarama wakapanda, na Kayitare akaenda zake kula nyama ya Idi. Leo asubuhi nimepita tena, nikanywa tena. Nitapita kesho.

Mdogo wako,
Harelimana

N.B. Uji haukuwa na sukari. Nilimuuliza. Amesema tangu Krismasi hajauza kikombe cha kununulia sukari.