Wanaponiuliza Kama Nassor Kacheza

Mume wangu mpenzi, Baba Nassor,

Nimemaliza kukusomea Yasini, na badala ya kukunja mswala nikapike, nimekaa hapa hapa chini nikuandikie. Leo sina zamu. Miguu inaniwaka kwa kupanda ngazi za wazee ninaowahudumia, na nina habari za mtoto ambazo siwezi kumwambia mtu mwingine hapa ugenini Barking, maana kila ninayekutana naye ananiuliza lile lile: kacheza? Sokoni kacheza, msikitini kacheza, hata nikitoa rambirambi msibani, mfiwa anafuta machozi ananiuliza kacheza. Nimechoka, Baba Nassor. Nimechoka kuwajibu watu wanaonitakia mema.

Unakumbuka siku ile timu ya mpira ilipomchukua Nassor. Ulivaa koti lako la Idi, tukapanda treni watatu, mie nimebeba chupa ya chai ya tangawizi kama tunakwenda kumwona mgonjwa. Yule kocha mzee akatutembeza, akatuonyesha nyasi zilizonyooka kama zulia. Wewe hukuzitazama nyasi. Ulimuuliza swali moja tu: "Katika vijana hawa mnaowachukua, wangapi wanafika kikosi cha kwanza?" Akajikuna shingo, akasema ni wachache sana, na hao wachache nao husubiri miaka. Tulipokaribia nyumbani ukanambia, "Mama Nassor, tusitangaze. Mtoto kafunguliwa mlango tu, hajapewa kiti."

Kumbe mdogo wako Khamis alikuwa keshatangaza msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Tulipofungua mlango tukakuta viatu vimejaa hadi kwenye ngazi, na shangazi yako Bi Zuwena anapakua biriani. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Leo mie ndiye mgeni kwangu," ulisema.

Wewe ulikuwa unaujua mpira, ndiyo maana ulikuwa na subira nao. Ulikuwa ukimpeleka uwanjani Jumapili, mvua inanyesha, umevaa mfuko wa plastiki juu ya kofia yako ya viua, na akikosa bao humgombezi, unamuuliza tu kama anasikia njaa. Mungu alipokuchukua, mtoto akanibakia mie nisiyejua hata kuotea ni nini.

Basi akapewa mkataba wa wakubwa. Khamis akakodi basi dogo, tukaenda kumtazama, jamaa nzima, na katlesi, na sambusa, na Bi Zuwena kavikwa makoti mawili. Tulidhani kama kule kwetu, ukishachaguliwa na timu, Jumapili unacheza. Mechi ikaanza, Nassor hayupo uwanjani. Tukamtafuta kwenye benchi la akiba, hayupo. Bi Zuwena ndiye aliyemwona: yuko jukwaani kama sisi, safu chache mbele yetu, kavaa suti. Akapiga kelele, "Nassor! Mbona na wewe umekuja kutazama?" Watu wote wakageuka. Mtoto akasimama, akatupungia mkono, akakaa. Nilimwona masikio yake kwa nyuma. Yalikuwa mekundu kama yako ukiaibika.

Baada ya mechi alikuja kwenye basi, akawapa wazee mikono na kuibusu, mmoja mmoja. Khamis akamuuliza, "Umemkosea nini kocha?" Akajibu, "Sijamkosea, Ami." Khamis hakuridhika. Bi Zuwena naye, unamjua, toka alipofika nchi hii baada ya Mapinduzi hajapata kuamini kwamba jambo linaweza kuchelewa lenyewe. Akasema mtoto kahusudiwa.

Wiki ya pili akaja nyumbani na kombe la kumnywesha, la kuondoa husuda. Kaliandikisha kwa mwalimu kwa zafarani, aya nzuri kabisa, kaliosha kwa marashi mawaridi, kalibeba kwenye chupa ndani ya mkoba toka Walthamstow, kwa treni na basi, na magoti yake yale. Akalimimina kwenye kikombe, akampa Nassor. Mtoto hakulipokea.

"Bibi, nisamehe. Tumekatazwa kunywa kitu chochote bila kumuuliza daktari wa timu."

"Maneno ya Mungu yanaombewa ruhusa kwa daktari?"

"Si maneno, Bibi. Wanatupima."

"Watapima waone nini? Sura ya Falaq?"

Mie nilitaka kucheka na kulia. Khamis, naye yupo, akasema mtoto keshakuwa Mzungu. Hapo Nassor akaweka simu yake chini, akasema kwa Kiswahili chake kile cha kukwamakwama, lakini kila mtu alielewa. Alisema, "Hakuna aliyenihusudu. Anayecheza nafasi yangu ni mtu mzima, anajua asimame wapi kabla mpira haujafika. Nyuma yake yuko mwingine, na mwingine. Mie ni wa nne. Wote wananishinda kwa sasa. Mie bado najifunza."

Nadhani hakuna aliyewahi kutuambia jambo hilo kwa uwazi hivyo, na aliyetuambia ni mtoto. Bi Zuwena akabaki na kikombe mkononi, hana pa kukiweka. Nikakichukua mie. Nikasema bismillahi, nikanywa lote, nikamwambia, "Mama yake nimemnywea, Bi Zuwena. Tumbo lililomzaa ni hili." Akanitazama, akasema, "Haya. Ilimradi halikumwagika."

Lakini aliyeniumiza ni mtoto. Baada ya siku ile akawa haji tena nyumbani. Kila wiki ana udhuru. Nikajua anawakimbia watu, hakimbii mpira. Na mkataba wake, yeye mwenyewe kanambia, unakwisha msimu ukiisha, na huenda wasimwongeze.

Kisha timu ikataka kumtoa kwa mkopo, aende timu ndogo huko kaskazini, madaraja mawili chini. Khamis akaja mbio. "Wamemtupa, shemeji. Akatae. Akae hapa wamwone." Bi Zuwena akapiga simu, "Mtoto wa watu anaazimwa kama sufuria?" Nassor akaja kuniomba radhi aende. Alikaa pale unapokaa wewe. Nilimuuliza, "Ukibaki utacheza?" Akatikisa kichwa. "Ukienda?" Akanijibu kwa Kiingereza kwamba hana hakika, ila huko mbele yake yuko mmoja tu.

Nilikutafuta, Baba Nassor. Nilitaka uniambie. Ukanijia na mfuko wako wa plastiki kichwani, basi. Nikamwambia, "Nenda, mwanangu. Radhi zangu unazo, na za baba yako unazo. Ukicheza, alhamdulillahi. Wakikuacha, chumba chako kiko pale pale na shuka nimeshafua." Khamis hajaja kwangu toka siku hiyo.

Jana jioni Nassor kanipigia simu, niko kituo cha basi, mifuko mikono yote miwili.

"Mama, tumefungwa manne."

Nikasema inna lillahi.

"Hapana Mama, sikiliza." Nikasikiliza. Kapangwa toka mwanzo. Kapigwa kiwiko na bwana mmoja mkubwa kama kabati. Bao la pili kosa lake, kapoteza mpira, kapteni kamtukana maneno ambayo kaona haya kunambia, na baada ya mechi huyo huyo kapteni kamletea chai na kumwonyesha kwa vikombe mezani alipaswa asimame wapi. Alikuwa akizungumza haraka, Kiswahili, Kiingereza, anacheka katikati ya maneno. Toka tukuzike sijamsikia hivyo. Basi likaja, nikaliacha lipite. Likaja jingine, nikaliacha nalo.

Laasiri imeingia, nainuka. Mungu akupanulie kaburi lako na akutie nuru, mpaka atukutanishe.

Mkeo,
Mama Nassor