Krosi Yenye Alama ya Ukoo

Matiliku, 14 Agosti 1983

Baba Mutindi,

Natumaini huko Kibwezi kazi inaendelea. Huku watoto ni wazima na mbaazi zinakauka.

Lori lako limenichosha. Nikikanyaga mafuta tu, chini linagonga ngo! Fundi mmoja alifungua giaboksi bure, mwingine akalaumu difu. Jana niliingia chini mwenyewe, nikatikisa propela, ile shafti ndefu ya kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma, kwa mkono. Krosi, kile kiungo chake cha msalaba, ndiyo imelegea, tena si ile mpya uliyofunga Pasaka, ukaichora kwa tupa alama ya ukoo wenu kama ile iliyo kwenye mizinga ya nyuki ya babako.

Ndugu yangu Ndeti ameiona hiyo yenye alama, akitengeneza pikapu ya mama mmoja hapo Kibwezi. Alipouliza imetoka wapi, mama akasema, "Mume wangu alinifungia."

Krosi naitaka Jumamosi. Wewe, abaki nawe.

Mkeo wa Matiliku,
Nzilani