Maua ya Kaburini

Olmotonyi

Kaka Lesian,

Shikamoo. Huku mvua zimenyesha vizuri na mahindi yamefika kiunoni. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa jike.

Yale maua meupe uliyoyaacha yakiwa machache kwenye kaburi la baba yamelifunika lote. Mama aliyapenda sana. Alisema Mungu mwenyewe amemfunika mumewe, maana hakuna aliyeyapanda. Bwana shamba alipopita akatuambia ni gugu karoti, mmea wa kigeni, na mbegu zake huja na magari ya mchanga. Limeshaingia malishoni, maziwa yamekuwa machungu. Daktari naye akasema ndilo linalombana mama kifua hata usiku analala ameketi.

"Ng'oeni la malishoni," mama akasema. "La baba yenu liacheni."

Jumamosi alikosa pumzi hadi midomo ikabadilika rangi. Alipopata nafuu nilivaa glavu, nikajifunga kanga puani, nikaling'oa lote kaburini kabla halijamwaga mbegu, nikaenda kulichoma mbali na nyumba. Niliporudi nilimkuta amesimama mlangoni.

"Silantoi, umemwacha baba yako uchi," akasema.

Tangu hapo hasemi nami. Nikimpelekea chai hupokea huku akitazama pembeni. Njoo uongee naye, kaka, wewe atakusikiliza.

Ila sasa halali tena ameketi. Jana alijinyoosha kitandani, akakoroma. Nilikaa nje ya mlango wake nikamsikiliza mpaka machozi yakanitoka.

Mdogo wako akupendaye,
Silantoi